Nyusi za Maman

Huko mtaani kwetu Kasha, utotoni mwangu, nywele za mtu hazikuachwa chini. Aliyeziokota angeweza kukuroga, na hata maman, mama yangu asiyekosa misa, aliliamini hilo kabisa. Kila Jumamosi jirani yetu Nabintu alikuja kumsuka, nami niliokota zilizoanguka nikazitia motoni.

Jumamosi moja wenzangu waliniita tukaruke kamba. Niliporudi, upepo ulikuwa umeshazipeperusha nywele zake. Nikanyamaza.

Miezi michache baadaye maman alianza kuwashwa usoni. Vipele vikatokea penye nyusi, nyusi zenyewe zikanyonyoka, kisha kichwa kikafanya viraka. Hakutafuta mbali.

“Ule mwanamuke iko na nywele yangu,” alisema.

Tangu hapo hakuitikia salamu ya Nabintu, na wanawake wa mtaa wakaacha kusukwa naye. Mimi nilijua ukweli, lakini nilimwogopa maman kuliko nilivyomhurumia jirani.

Zahanati walisema ni ukoma. Alimeza vidonge mwaka mzima, bure. Hatimaye nilimsindikiza mjini, na daktari mmoja akataka kukata kipande cha ngozi chenye nywele, kipelekwe Kinshasa kupimwa. Maman akasimama.

“Nywele yangu, muipeleke mbali hivyo? Na wewe, nani alikutuma? Nabintu?”

“Maman, bila kuangalia muzizi ya nywele, siwezi kujua ugonjwa,” daktari alimjibu.

Maman alikuwa ameshika kitasa cha mlango nilipofungua kinywa. “Maman, ni mimi niliacha ile nywele. Upepo ilibeba. Nabintu hakukamata kitu.”

Akaachia kitasa. Heri angenipiga. Akarudi, akaketi.

Kipande cha kwanza hakikuonyesha kitu, maana kilikatwa juu juu. Akakatwa tena, hadi kwenye mizizi ya nywele, na humo ndimo ilimojificha kansa ambayo daktari mwenyewe alikuwa ameisoma vitabuni tu. Dawa zilimpa miaka mitatu. Tungefika mapema, daktari alituambia, huenda ingekuwa zaidi.

Nabintu alikuwa ameshahamia Lwiro. Maman alipozidiwa alinituma huko nimwombee msamaha kwake. Nabintu alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

“Umuambie nilisikia,” alisema. Basi.

“Alisema nini?” maman aliniuliza niliporudi.

Nikajibu kwamba amesamehe. Akafumba macho, uso ukalegea kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Sasa nami nina wajukuu, uchawi siuogopi tena, lakini sijajua bado kama siku ile nilimhurumia mama yangu, au niliogopa tu kama mwanzo.