Makande Yaliyoshuka kwa Parachuti

Jamani, mimi hadi leo nikipita Vudee navuta kofia usoni, maana kule hakuna anayeniita kwa jina, wananiita Mwanaanga, na wanaocheka zaidi ni kina mama.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa nimechoka kukata mkonge huko tambarare (shule niliiacha darasa la nne, lakini redio sikuiacha), nikapanda mlimani Vudee kumposa Nakiete. Baba yake akaniuliza shamba langu liko wapi, mimi nikamjibu kwa habari za vyombo vya angani: kuna visivyo na mtu vinavyozunguka dunia vikipiga picha, kuna vinavyobeba watu, kuna roketi inayojivua vipande njiani, kuna hata kigari kilichoendeshwa mwezini. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho.

“Na kushuka, wanashukaje bila kuvunjika?”

“Kwa parachuti, baba.”

“Haya. Kesho ni msaragambo, kijiji kizima tunaondoa tope kwenye ndiva” (ndilo bwawa lao la kumwagilia mashamba). “Watu wakishakula ndipo nitakujibu habari ya binti.”

Kesho yake mama yake Nakiete akanituma nipeleke sufuria ya makande ya wachimbaji wote. Nyumba iko juu ya genge, ndiva iko chini yake, njia inazunguka mbali. Nikajiuliza, ya nini kuzunguka? Kamba ya katani ninayo, kanga ya mama imeanikwa pale, na chini yuko mzee mwenye swali lake. Nikafunga kanga pembe nne juu ya sufuria, nikaanza kuishusha taratibu, nikiita, “Baba! Tazama wanavyoshuka!”

Majembe yote yakasimama. Na ilishuka vizuri, msininyime haki yangu, mpaka upepo ulipoingia kwenye kanga, sufuria ikayumba, ikagonga mwamba, mfuniko ukaruka.

“Kipande cha kwanza kimejivua!” akapiga kelele Eliamini, kaka yake Nakiete, aliyekuwa amesikia hadithi zangu jana yake.

Kamba ikanichoma viganja, nikaiachia, na makande yote yakaenda kutua katikati ya tope.

Eliamini tena: “Shemeji, abiria wamekufa wote!”

Watu walicheka huku njaa inawauma. Mzee hakucheka. Alipanda njia yote ile na tope lake miguuni, akasimama mbele yangu akihema.

“Jibu lako hili hapa. Msaragambo wa msimu huu wote chakula utapika wewe, na utakibeba kichwani. Watu wakishiba, njoo uniulize tena.”

Nakiete alikuwa mlangoni, amejiziba mdomo, mabega yakitikisika.

Nikapika. Siku za kwanza maharage yalikuwa magumu kama kokoto, walikula wakinitukana, mwishoni wakawa wanaongeza sahani, na mzee akanipa binti na kipande cha shamba juu yake.

Habari za anga bado nazifuata, kila chombo kikirushwa lazima nijue kinarudije. Lakini nimeapa: chakula cha watu nitakipeleka kwa miguu yangu, hata njia izunguke mlima mzima.