Udongo Mweusi wa Lambo

Kuna watu wanaojua jambo na kukaa nalo kimya kwa sababu eti si kazi yao. Hao wananipandisha hasira kuliko waongo. Mwongo angalau amejisumbua kutunga.

Mimi naongoza wageni Ngorongoro. Chuoni nilisoma miamba, ajira ya miamba sikuiona, nikaangukia kwenye utalii kama wenzangu wengi wa Karatu. Wageni wanauliza faru yuko wapi. Nikiwaonyesha mahali ambapo ziwa la kale liliacha tabaka zake wanasema waoo, kisha wanarudi kwenye simba. Siwalaumu, wamekuja likizo.

Mama yangu analima kijijini kwetu Mbulumbulu, peke yake tangu baba afariki. Kwetu ng'ombe hulala ndani, na asubuhi samadi hubebwa kwa karai hadi shambani. Wanawake wote wa kule hufanya hivyo, lakini mama alipitiliza. Alikuwa akichota kiganja cha samadi, anaifikicha, anainusa, ndipo aamue kama imeiva. Maharage yake yalikuwa yanawafanya watu wasimame njiani. Majirani walikuja kumwomba mbegu, na alichokiweka yeye shambani na wao walikiweka. Hiyo heshima aliijenga kwa mgongo wake, na hana nyingine.

Kiangazi kile mkandarasi alikuja kuchimba lambo la mifugo kwenye bonde lililo chini ya shamba letu. Lambo tulilitaka wenyewe, tulipiga makofi mkutanoni. Kijiko cha mtambo kikachimba kikapita udongo mwekundu tunaoujua sote, kikafika kwenye jiwe laini jeusi tii, la tope lililoganda, linalobanduka kwa tabaka kama chapati za kusukuma. Wakalitoa, wakalirundika kando. Rundo likawa kubwa kupita nyumba yetu.

Mama akashuka kuliangalia. Akalifikicha, likawa ungaunga. Akalinusa, lina harufu ya kuoza. Akachukua kipande akakiweka kwenye mafiga, kikafuka moshi na kushika moto kwa shingo upande. Kwa mtu wa kwetu ushahidi ukawa umekamilika: jeusi, linanuka, lina mafuta ndani yake. Ni samadi ya zamani sana. Akamuuliza msimamizi wa kazi kama watu wanaweza kuchukua, naye akajibu, "Chukueni tu mama, chukueni yote. Hiyo mbolea tupu." Alikuwa anajiokolea safari za lori, hilo halikuwa na siri. Mama akatangulia na karai lake, majirani wakamfuata. Wengine walileta punda. Wakalitandaza mashambani kabla ya mvua, na mama akapika makande ya watu wote waliosaidiana.

Sasa niseme jambo moja kwa ukali, kwa sababu kuna watu mjini wamelicheka: mama hakuwa mjinga. Harufu ile ni ya uozo wa kweli. Bonde lile lilikuwa ziwa. Mwani ulikufa humo, matete yakaanguka, samaki wakazama, mavi ya wanyama yakasombwa na mvua, yote yakatua chini kwenye tope ambako hewa haifiki. Pasipo hewa uozo haukamiliki, unabaki nusu, unafunikwa na tope jingine, na jingine, hadi linakuwa jiwe jeusi. Weusi ule ndio mabaki ya vilivyokuwa hai. Mama alichonusa kilikuwemo.

Lakini hakikuwa peke yake. Katika tope la namna hiyo kuna vijidudu visivyohitaji hewa yetu. Vinakula uozo, na badala ya hewa vinatumia salfa iliyoyeyuka majini, kisha vinatoa gesi ya mayai viza. Ukitaka kuinusa leo, simama ukingoni mwa ziwa lililomo ndani ya kreta wakati nyati wanapita: kwato zinachimbua tope, juu kijivu, chini jeusi, na wageni wanaziba pua. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo kwenye tope, vinashikana, na mwishowe vinakuwa punje ndogo mno zinazong'aa. Wataalamu huziita pairaiti. Huko chini hazimdhuru mtu, zitakaa hata milele. Zipandishe juu, zipate hewa na mvua, zinageuka kutu na tindikali. Tindikali hasa, jamaa ya ile iliyomo kwenye betri ya gari.

Mvua zilipoanza, maharage yaliota vizuri. Halafu yakawa ya njano. Halafu yakalala. Mama akaongeza udongo mweusi, akidhani hayajashiba.

Nilifika nyumbani baada ya msimu wa wageni na nikakuta shamba limebaki na mabua mafupi makavu. Chini ya rundo palikuwa na dimbwi la rangi ya chungwa, na juu yake mawe yameota unga mweupe wenye njano. Nilivunja kipande cha ndani, ambacho mvua ilikuwa haijakifikia, nikakiweka juani na kukitazama kwa lenzi yangu ya chuo. Punje zilikuwa zimejaa. Nilikaa chini palepale kwenye matope na suruali yangu ya kazi, nikatukana kwa Kiiraqw, kwa Kiswahili, na kwa lugha za wageni wangu.

"Ayo," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "hili si kosa lako."

"Wenzangu wanasema ni langu," akanijibu. "Mimi ndiye niliyewapeleka."

Jirani yetu wa upande wa juu, mwanamke aliyelima na mama tangu wote wakiwa wasichana, alikuwa ameacha kumsalimia. Shamba lake lote alilitandaza udongo ule, kwa kuwa mama alimwambia. Kanisani alihamia benchi jingine. Mama alinieleza hayo akiwa anapeta njugumawe, bila kuniangalia, na nikaona amekonda.

Nikaenda Karatu mjini kumtafuta injinia wa mradi. Nilimkuta mgahawani na sahani ya ndizi nyama. Ni kijana wa rika langu, mpole, akanikaribisha kiti. Nikaweka jiwe mezani. Alilitazama, akaendelea kutafuna.

"Hii pairaiti," akasema. "Ndiyo, ipo nyingi pale. Tulichimba mashimo ya majaribio, tuliliona tabaka."

"Mliliona? Na mlijua likiletwa juu linafanya nini?"

"Dada, hilo mbona linajulikana. Ndiyo maana lambo tuliliwekea tabaka la udongo wa mfinyanzi, maji yasiharibike."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Maji ya ng'ombe waliyakinga! Walijua vya kutosha kuyakinga, halafu wakasimama na mikono mifukoni wakitazama wanawake wakijitwisha uchafu ule na kuupeleka kwenye chakula chao.

"Msimamizi wako aliwaambia ni mbolea."

"Yule si mtaalamu, alikuwa anaongea tu. Sisi kazi yetu ilikuwa maji. Mambo ya kilimo yana watu wake."

Niliongea kwa sauti hadi mwenye mgahawa akatoka jikoni. Sikumbuki yote niliyosema na sioni sababu ya kuyajutia. Nakumbuka nilimwambia kwamba hatatoka Karatu kabla hajapanda Mbulumbulu kuyasema maneno yale mbele ya watu, na kwamba asipopanda nitakuja na mama zangu wote, wakae hapo mgahawani wamtazame akila.

Alipanda. Sifa hiyo nampa, na haizidi hapo. Watu walikusanyika kando ya rundo, wanawake kwa wingi, na jirani yetu alikuwepo, amesimama mbali na mama. Injinia alianza na changamoto za kitaalamu, akaingia mabadiliko ya tabianchi, akasifu uvumilivu wa wananchi. Nikamkatiza, nikamwambia aseme jiwe ni nini. Akasema. Alieleza vizuri, lazima nikiri: ziwa, uozo, punje, tindikali. Akasema watu wakwangue udongo ule, waweke chokaa, na hata hivyo mavuno yatasumbua kwa muda ambao yeye hawezi kuukisia. Mzee mmoja akauliza chokaa italetwa na nani. Injinia akasema hilo litaangaliwa.

Nilitaka kumrukia nimkabe, lakini mama alikuwa amekwishasogea mbele. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo zako tumezipokea, mwanangu," akamwambia. "Nieleze kwa ufupi, mimi sikusoma. Udongo huu ulikuwa mbaya tangu zamani?"

"Hapana mama. Kule chini haukuwa na shida yoyote. Ungekaa tu. Shida imeanza ulipotolewa."

"Umetolewa na nani?"

Injinia akaangalia rundo. Akaanza habari ya mkataba na mipaka ya kazi. Ndipo jirani yetu wa upande wa juu akapita katikati ya wanawake wenzake, akaja kusimama bega kwa bega na mama yangu.

"Mjibu mwenzangu," akasema. "Amekuuliza umetolewa na nani."