Keki ya Mama Emmanuella

Mara ya kwanza Hortense alioka ile keki kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kupeleka kanisani. Axel, mzee aliyekuwa akisafisha naye ndege kwenye uwanja wa Arlanda, huko Sweden, alikuwa amemletea mfuko wa tranbär, matunda mekundu madogo kama shanga, aliyoyachuma mwenyewe kwenye kinamasi karibu na kwao. Hortense alitia moja mdomoni, uso mzima ukajikunja kwa uchachu. Akayachemsha na sukari nyingi, akayamimina katikati ya unga wa keki, akaoka. Mchungaji alipoionja alisimama mbele ya watu akamsifu. Basi. Tangu hapo, kila sikukuu ya mavuno, hakuna aliyemuuliza kama ataoka. Waliuliza tu ataoka ngapi.

Axel alistaafu, na Hortense akawa ananunua tranbär dukani, yakiwa yamegandishwa. Keki ikaendelea. Mgongo nao ukaanza kuuma.

Mwaka huu, Jumamosi ya kuamkia sikukuu, alirudi kutoka kazini mchana, baada ya kufanya kazi ya watu wawili kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Alipanda treni ya Märsta, akabadilisha mjini, akasimama kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, mpaka Alby. Alipofika nyumbani hakuvua hata sare. Alibandika sufuria, akamwaga matunda na sukari, akasikia yanaanza kupasuka mojamoja kwenye joto. Akavuta kiti. Alitaka kupumzisha miguu tu.

Aliamshwa na king'ora cha moshi. Jikoni palikuwa peusi, na Emmanuella, binti yake, alikuwa amebeba sufuria kwa taulo akikimbilia kwenye balkoni.

"Mamma, kunde du inte känna lukten?" alifoka. Hukusikia harufu?

"Nilikuwa hapa hapa," Hortense alijibu, kama mtu aliyeshtakiwa.

Binti alimtazama, hasira zikamwisha. "Men mamma," akasema polepole, "du orkar ju inte."

Orka. Hortense alilijua neno hilo vizuri. Waswidi wakisema mtu "orkar inte", wana maana ameishiwa nguvu za mwili na za moyo kwa pamoja. Kazini alilisikia kila siku. Hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kumhusu yeye.

Mumewe Édouard aliingia akakuta mkewe anasugua kuta zilizoshika moshi. Akamnyang'anya kitambaa.

"Piga simu, waambie keki haiko."

"Watasema nini, Papa Emmanuella?"

"Waseme. Kwani wao ndio wanaamka saa tisa usiku?"

Hortense alimpigia Dancille, kiongozi wa akina mama wa kanisa. Alikusudia kusema anaumwa. Lakini aliposikia sauti ya Dancille ikimsalimia kwa furaha, uongo ulimshinda.

"Dada, nimechoka," akasema. "Keki, siwezi. Nimechoka kabisa."

Dancille akashusha pumzi ndefu.

"Yaya, dada yangu, usinikasirikie. Ile keki ni chachu sana. Sisi akina mama tunakula kwa sababu yako. Tulisema, Mama Emmanuella anapenda sana kuoka, tusimvunje moyo."

Hortense alikaa kwenye ukingo wa bafu, simu mkononi. Alitaka kucheka, akashindwa. Aliikumbuka miaka yote hiyo, amesimama mbele ya oveni huku macho yanajifumba, akiwaokea watu wanaomeza kwa shida ili wamfurahishe. Alilia kidogo. Kisha akaoga, akalala kabla ya jua kuzama.

Kesho yake alikwenda kanisani mikono mitupu, na hakujua aiweke wapi. Baada ya ibada Dancille alimkalisha chini, akamletea chai na maandazi, akamkataza kuinuka. Hortense alikula taratibu. Yalikuwa matamu, na hakuwa ameyapika yeye.

Mzee Valéry, mpiga ngoma wa kwaya, alikuja akiinama juu ya meza, akifunua sahani moja baada ya nyingine.

"Mama Emmanuella, keki ile nyekundu imefichwa wapi?"

"Mwaka huu haiko, Papa Valéry."

"Haiko?" Mzee alionekana kama ameibiwa. "Mimi hizi za sukari tupu zinanichosha. Mwaka mzima nangoja ile yenye ukali."

Hortense alimtazama usoni kuona kama anamhurumia. Hapana, mzee alikuwa amekasirika kweli. Kitu kikamlegea Hortense kifuani, lakini hakuahidi neno. Alisogeza tu kiti cha pembeni, mzee akaketi, naye akammegea andazi lake nusu.

Nyumbani alilala tena, na gauni la kanisani bado mwilini.