Babu yangu alivyomkana Mchina aliyemlisha kule Mbwajumali

Wakuu, heshima kwenu nyote, mliotangulia na mliochelewa kama mimi.

Wiki hii nimesoma nyuzi kadhaa humu za watu wanaosimulia walivyokula ugenini. Mmoja kala tambi za barabarani huko China hadi kasahau treni. Mwingine kaingia fine dining, sahani kubwa kama ungo, chakula kiduchu. Nimecheka. Halafu nikakumbuka kisa ambacho sijawahi kukiandika popote.

Si changu. Ni cha babu yangu mzaa baba. Alinisimulia mwenyewe zaidi ya mara mbili, mimi nikiwa sekondari na yeye mzee wa miaka tisini na kitu. Sitatia chumvi. Nisipojua, nitasema sijui.

Twende taratibu.

Babu alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Kijana wa Tanga, hajaoa, wakati huku kwetu bado anatawala Mjerumani na Vita ya Kwanza haijaanza. Mwaka hasa hakuujua. Mhindi mmoja mfanyabiashara akamwambia Lamu na visiwa vyake vina cherehani nyingi zimekufa kwa kutu ya chumvi, na fundi hakuna. Babu akafunga mfuko wake wa zana, akapanda chombo, akaenda.

Hakuwa na ndugu kule. Hata mmoja.

Sasa wakuu, Lamu ya wakati ule haikuwa na hoteli. Mtu alikula kwake, au kwa aliyemkaribisha, basi. Ikishaswaliwa adhuhuri kila mwanamume anashika njia ya nyumbani, mitaa inabaki tupu. Babu anakaa kwenye baraza la nyumba ya watu, mfuko miguuni, anasikia harufu ya wali wa nazi ikitoka nyuma ya kuta nene. Alisema harufu ile ilimuumiza kuliko njaa yenyewe.

Street food ilikuwepo. Bibi mmoja aliuza mikate ya mofa na samaki wa kukaanga karibu na forodhani. Lakini kula njiani kulimshusha mtu hadhi. Babu alisema wapo waliokataa hata ushahidi wa mtu anayeonekana akitafuna sokoni. Kwa hiyo alinunua mkate wake, akageukia ukuta, akala upesi kama mwizi.

Na lugha nayo. Siku ya pili mzee mmoja alimwita, "Ndoo, kijana." Babu akaenda kuchukua ndoo ya maji akampelekea. Kumbe kwa Kiamu "ndoo" ni njoo. Baraza zima likacheka. Naye alicheka, lakini aliniambia, "Nilicheka ili wasione nimeumia."

Baada ya wiki kama mbili akaitwa kisiwa cha Pate, kijiji cha Mbwajumali. Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, tumwite Bwana Mselemu, mpole, mwenye mashine tatu zilizolowa maji ya bahari. Kazi ya mwezi mzima.

Bwana Mselemu alimpa chumba cha duka alale. Kila mchana chakula kilikuja kimefunikwa kawa, wali na mchuzi wa papa, kingi na kitamu. Babu hakulalamikia chakula.

Tatizo lilikuwa mtu wa kula naye. Bwana Mselemu alikula kwake na shemeji zake, na babu hakuitwa. Wazee walikuwa wamemuuliza siku ya kwanza: "Wewe wa ukoo gani?" Akababaika. Bibi yake aliletwa pwani na msafara akiwa mtoto, kwao hakukujulikana. Hawakumtukana. Waliitikia tu "aa," wakaendelea na mazungumzo mengine.

Basi kila siku anafunua kawa peke yake. Anasema bismillahi peke yake. Anafunika.

Pembeni ya kijiji, kwenye njia ya kwenda pwani, alikuwepo mgeni mwingine. Mchina. Alikuja kutoka Unguja kununua majongoo bahari kwa wavuvi. Aliyachemsha kwenye sufuria kubwa, akayaanika juani hadi yakakauka kama kuni, ya kupeleka kwao. Harufu yake, alisema babu, mtu anafunga pua toka msikitini. Watu walimuuzia lakini hawakumkaribia. Iliaminika anakula chochote kinachotambaa.

Babu alimwita Aseni. Ndivyo alivyolisikia jina lake.

Aseni alipika nje, hadharani. Alikanda unga, akauvuta kwa mikono, akaukunja, akauvuta tena hadi ukawa nyuzi nyembamba. Akazitia kwenye supu ya samaki yenye tangawizi nyingi. Kisha anachuchumaa na kula kwa vijiti viwili, uso umeelekea baharini.

Siku moja babu akasimama kumtazama anavyovuta ule unga. Fundi ni fundi, anapenda kuona mkono unaojua kazi. Aseni akamtazama, kisha akalitazama duka la Bwana Mselemu.

"Wewe kula peke yako," akamwambia. Akajigusa kifua. "Mimi kula peke yako."

Kiswahili chake kilikuwa cha hivyo. Babu alisema hakuna aliyewahi kumwambia jambo sahihi zaidi ya hilo.

Lakini hakula siku ile. Aliogopa nguruwe, akaogopa majongoo. Akaonyesha chungu, akatikisa kichwa. Aseni hakukasirika.

Siku mbili baadaye alimwita tena. Alikuwa na chungu kipya, bado kina vumbi la mfinyanzi. Kando yake kuku, keshachinjwa.

"Mwadhini," akasema, akipitisha kidole shingoni. "Mwadhini kuchinja. Bismillahi."

Jamani, yule mtu alimbeba kuku hadi kwa mwadhini, akachekwa njia nzima, ili mgeni mwenzake apate kula. Babu alimuuliza mwadhini baadaye, akathibitisha.

Babu akaketi. Akala tambi kwa vidole maana vijiti vilimshinda, mchuzi ukamchuruzikia hadi kwenye kiwiko. Aseni akacheka hadi akakohoa.

Kuanzia hapo, kwa wiki tatu karibu, walikula pamoja kila alasiri. Babu akawa anapeleka wali wake na papa, Aseni anatoa tambi au uji wa mchele na samaki wa chumvi. Hawakuzungumza sana. Aseni alichora mchangani watu watatu, mmoja mkubwa na wawili wadogo, akaonyesha mashariki. Babu alielewa ni mke na watoto. Akamsogezea papa.

Wapita njia waliona.

Mashine mbili zilipopona, habari ikafika Lamu mjini kwamba kuna fundi hodari. Nyumba moja kubwa ilikuwa na arusi wiki inayofuata, na cherehani yao imekwama na nguo za bibi arusi zimo katikati. Bwana Mselemu akavuka naye. Babu akaitengeneza siku moja tu.

Mwenye nyumba akafurahi. Akasema fundi asiondoke bila kula.

Wakuu, hii ndiyo ilikuwa fine dining ya babu. Ukumbi wenye vidaka ukutani vilivyopangwa vyombo vya kigeni. Akanawishwa mikono kwa birika la shaba, akanyunyiziwa marashi. Kisha sinia likashushwa: pilau, kuku wa kupaka, achari ya embe, sambusa. Wanaume watano. Mwenye nyumba akampigia mkono kwenye mkeka, "Ndoo, fundi, ukae hapa nami."

Safari hii alielewa. Akaketi. Tangu atoke Tanga hakuwahi kugusana mabega na watu akila. Alisema karibu alie.

Wakatia mikono kwenye sinia. Ndipo mzee mmoja upande wa pili akauliza, kwa upole kabisa, "Fundi, tumesikia kule Mbwajumali wewe wala chakula na yule Mchina wa majongoo. Ni kweli?"

Mikono ikasimama. Babu alisema aliona mikono minne imetulia juu ya pilau, inamsubiri.

Bwana Mselemu alikuwepo kwenye sinia lile lile. Alijua kila kitu. Akainamisha uso.

Babu akasema, "Hapana, Bwana. Sijapata kula chake. Nikipita humpa salamu tu."

"Alhamdulillahi," mzee akajibu. Mikono ikaendelea.

Nilimuuliza babu, pilau ilikuwa tamu? "Nilikula nikashiba," akasema.

Kesho yake wakarudi Mbwajumali kumalizia mashine ya tatu. Njiani Bwana Mselemu akamwambia, "Sikukuumbua pale kwa kuwa u mgeni wangu. Lakini yule hakukukosea kitu."

Alasiri babu akaenda pwani. Habari ilikuwa imemtangulia, vijiji ndivyo vilivyo. Aseni alikuwa anapika. Alimwona, akamsalimia kwa kichwa kama kawaida. Bakuli lilikuwa moja.

Babu akachuchumaa. Akaanza kutafuta maneno.

Aseni akamzuia kwa mkono. "Watu kuja hapa kuuliza," akasema. "Fundi kula hapa? Mimi kusema, hapana. Fundi hapana kula hapa. Siku moja hapana."

Yaani alikuwa ameshamlindia uongo wake.

Babu akanyoosha mkono kuomba bakuli. Aseni akalivuta kwake, taratibu, akaonyesha njia. Watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri. "Watu kuona," akasema. "Wewe kwenda nao."

Na hapa, wakuu, ndipo sauti ya babu ilipokuwa inashuka kila mara.

Alikwenda nao. Aliinuka, akajipangusa mchanga, akaungana na wale wanaume, wakamuuliza habari za mjini naye akawajibu. Hakugeuka nyuma.

Alikaa siku nne zaidi. Kila siku alijiambia ataenda kula pale mchana kweupe, wamwone watakaomwona. Siku ya nne alipoenda kweli, chanja za kuanikia zilikuwa tupu. Aseni alikuwa amepakia mzigo wake alfajiri. Babu hakumwona tena wala hakusikia habari zake hadi anakufa.

Na arusi ile ya Lamu? Hakualikwa.

Alirudi Tanga, akaoa, akapata watoto tisa, baba yangu akiwa wa nne. Aliishi na watu wengi hadi mwisho. Lakini mara ya mwisho aliponisimulia alisema, "Nimeswali sana juu ya jambo lile, mjukuu wangu. Ila wa kuniambia nimekusamehe ni yeye, na sijui kaburi lake."

Somo nililolipata mimi: ukarimu wa mtu si lazima ukugharimu kitu siku anapokupa. Gharama inakuja siku unapoulizwa mbele za wakubwa kama unamjua. Babu aliulizwa mara moja, akashindwa. Mimi nimeulizwa zaidi ya mara moja maishani, kazini na kwenye familia, na sitawadanganya kwamba nimefaulu zote.

Wale mnaosafiri na kula huku na kule, kuna mtu aliyekulisha ukiwa huna mtu, na baadaye ukaona aibu kumtaja? Mtaje hapa, hata kwa jina la kwanza tu. Nitasoma yote.