Jumamosi Tuliyomtafuta Moabu

Kuna sauti ambayo mpaka leo hunirudisha Kibaha bila kunidai nauli: sauti ya viti vya plastiki vikiburutwa kwenye sakafu ya saruji. Inakwaruza meno. Nikiisikia ukumbini kwenye harusi, au shuleni kwenye mkutano wa wazazi, pua nayo huamka ikaanza kutafuta chai ya tangawizi na maandazi ya Mama. Kwetu sauti hiyo ilikuwa na maana ya Jumamosi alasiri, na Jumamosi alasiri ilikuwa zamu ya manabii.

Tulikaa nyuma ya kituo cha basi cha Kwa Mathias, karibu na barabara ya Morogoro kiasi kwamba mabasi yakipiga honi hata kuku wetu walikuwa wameacha kushtuka. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtunza stoo katika ofisi moja ya serikali, mtu aliyependa kila kitu kiwe na rafu yake. Nadhani ndiyo maana alipenda unabii juu ya mataifa. Wenzake katika ushirika wetu wa nyumbani, uliokutana barazani kwetu, walipenda zaburi. Yeye alipenda zile sura ambamo manabii wa kale wa Waebrania wanataja taifa moja baada ya jingine, Babeli, Misri, Ashuru, Tiro, na kueleza litakavyokwisha. Kila Jumamosi alichukua taifa moja akalitafutia rafu yake: hili siku hizi ni nchi fulani, lile ni watu fulani.

Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la nne, nina sauti kavu inayofika mbali, na Baba alinionyesha kwa kidole pa kuanzia na pa kuishia.

Msinicheke nikisema nilifurahia. Maangamizi yana utamu wake ukiyasikia barazani huku umeshika andazi. Tiro, mji wa pwani uliojaa meli na wafanyabiashara, wakubwa walikubaliana bila ubishi kwamba ni Dar es Salaam. Wakausikitikia sana. Mama akapita na birika, akauliza, "Kwa hiyo Jumatatu hamwendi kazini?" Maana karibu wote waliokaa pale waliamka alfajiri kila siku kwenda hukohuko Tiro kutafuta riziki.

"Mama Rehema, usituharibie somo," Baba akasema, lakini na yeye alicheka.

Ng'ambo ya ua wetu wa michongoma alikaa Baba Mwajuma, Mzaramo, ambaye ndiye aliyemuuzia Baba kiwanja. Mtaa wote ule zamani ulikuwa shamba la babu yake. Binti yake, Mwajuma, alikuwa rafiki yangu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipopita huku wamebeba mizigo kwenda pwani, na watani wale wawili hawakupeana nafasi ya kupumua.

"Mnyamwezi, huo mzigo hujautua tu mpaka leo?" Baba Mwajuma angeuliza, akimwona Baba na kikapu cha sokoni.

"Nitautua wapi? Kila mahali kuna Mzaramo amekaa anasubiri ngoma."

Mama yake Baba Mwajuma, Bibi Mwanaidi, aliishi Chole, kule ndani Kisarawe. Akija kumwona mwanawe alileta mihogo, na kwa utani alimwita Baba mume wake. Alikuwa mdogo wa umbo, mrefu wa ulimi. Alimkagua Baba miguuni hata kabla ya salamu. "Ingia na viatu hivyohivyo," angesema. "Kwenu si mnalala na ng'ombe?" Aliwahi kutamka mbele yetu sote kwamba siku akifa, Mnyamwezi wake asipolala kaburini kwanza kumpimia, yeye hatoki ndani.

Halafu ikaja Jumamosi ya Moabu. Kidole cha Baba kilinionyesha pale nabii anapomlinganisha Moabu na divai iliyoachwa itulie juu ya machicha yake, ambayo haikumiminwa kutoka chombo hiki kwenda kingine, kwa hiyo ladha yake haikubadilika. Nikasoma. Nikaishia nilipoambiwa.

Baba alikuwa moto siku hiyo. Akasema sisi tuliotoka bara tumemiminwa: Tabora, Singida, Mwanza, hadi Kibaha. Tumechujika. "Lakini wapo waliokaa palepale alipokaa babu yao," akasema, "wametulia, hawana haraka na shule, hawana haraka na lolote. Hatuna haja ya kumtafuta Moabu mbali." Akaelekeza kidevu kwenye michongoma.

Watu wakacheka kile kicheko cha chinichini. Kisha kichwa cha Baba Mwajuma kikatokea juu ya ua. Alikuwa ameinama upande wa pili, akifunga mbuzi.

"Mtani," akasema, "leo hujanitania."

"Ah, ni somo tu, mtani."

"Nimelisikia. Ukinitania nakujibu. Hili nalijibuje?"

Akaondoka na kamba ya mbuzi mkononi. Toka siku hiyo salamu ikabaki salamu: habari, nzuri, basi. Hakuna mzigo, hakuna ngoma. Mimi na Mwajuma tuliendelea kucheza, ila Mama hakunituma tena kwao kuomba chumvi. Baba alianza kupanga na kupangua banda la kuni, kazi isiyo na sababu, na kila alipoinuka alitazama ng'ambo.

Ulikuwa msimu wa korosho Mwajuma alipogonga asubuhi, amejitanda kanga. Wazazi wake walikuwa Chole siku nyingi, yeye wamemwacha kwa shangazi yake.

"Shikamoo, Baba Rehema."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

"Bibi amefariki. Wanazika leo alasiri."

Baba akashika fremu ya mlango. "Baba yako amekutuma?"

Mwajuma akatazama vidole vyake vya miguu. "Hajanituma. Nimekuja mwenyewe."

Mama Neema, nesi, mtu mzito katika ushirika wetu, alikuwapo, amefuata ndoo yake. "Pole tutampa akirudi," akasema. "Yale mambo ya watani kuvaa nguo za marehemu na kulala kaburini sisi tuliyaacha. Halafu mwenye msiba hajakuita, Baba Rehema. Ukifukuzwa mbele za watu?"

Hata mimi nililiona jambo lilivyokaa. Msiba hauna kesho. Baba asipokwenda siku ile, ule ua wa michongoma ungekuwa ukuta hadi mmoja wao azikwe. Na akienda, angeweza kuambiwa maneno ambayo yasingefutika.

Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuinua uso. "Ulimsema kwa mdomo," akasema. "Kamfuate kwa miguu."

Tukaazima pikapu ya jirani, dereva wake akiwemo. Mimi na Mwajuma tulibanwa mbele pamoja na Baba. Mlandizi tukaiacha lami, tukala vumbi mpaka Vihingo, penye msitu na magunia ya mkaa kando ya njia, tukaendelea. Njia nzima midomo ya Baba ilikuwa ikicheza. Nikadhani anasali.

Chole, wanaume walikuwa wameketi juu ya majamvi chini ya turubai, wanawake upande wa nyumba. Baba Mwajuma alikuwa katikati, ameinamisha kichwa. Baba aliposhuka, watu wakainua vichwa.

"Wazaramo!" akapaza sauti hadi nikaruka. "Nani kaniulia mke wangu? Nimewaachia mke mzima, leo mnanionyesha sanda?"

Hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia Baba Mwajuma, naye akaendelea kutazama jamvi. Masikio yangu yalipata moto.

Ndipo Baba akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua kanga ya Bibi Mwanaidi, akajifunga. Akachukua na mkongojo uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akapinda mgongo, mkono mmoja kiunoni, akaanza kutembea. Na nawaambieni, alikuwa ni Bibi mwenyewe. Alisimama mbele ya jamvi, akatazama viatu vya Baba, yaani vyake mwenyewe.

"Wewe Mnyamwezi! Na viatu hivyo mpaka msibani kwangu? Nabii wako hakukuambia kwamba leo nakufa?"

Upande wa wanawake kicheko kikalipuka. Mmoja akamwangukia mwenzake begani. Baba akagonga mkongojo chini.

"Unajua mataifa yote yatakavyokwisha! Babeli unaijua, Misri unaijua! Mimi mkeo hukujua hata kwamba naumwa!"

Neno la mwisho halikutoka kwa sauti ya Bibi. Lilitoka kwa sauti yake, tena likiwa limepasuka. Akabaki amesimama mbele ya watu wote na kanga kiunoni, machozi yakimshuka. Alikuwa Baba yangu, mtunza stoo, na sikuwahi kumwona hivyo.

Baba Mwajuma akainuka taratibu. Akamsogelea hadi wakatazamana.

"Mnyamwezi," akasema, "kwenu hata kulia hamjui. Kulia gani huku, kama fisi kabanwa na mlango?"

Turubai zima likacheka, na katika kicheko kile nikasikia watu wakilia. Akachukua jembe, akamkabidhi. "Vua kanga ya mama yangu. Twende ukachimbe."

Baba alivua kanga, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamfuata. Vijana waliotoka makaburini walitusimulia kwamba Mnyamwezi alilala kaburini kupima, akakataa kutoka mpaka Wazaramo wamwahidi mke mwingine, tena awe na meno.

Jumamosi iliyofuata Baba alinipa sura ileile ya Moabu, ila safari hii hakuweka kidole. "Soma yote," akasema. Nikasoma maangamizi, nikapita pale tulipozoea kuishia, na mbele kidogo nikakuta nabii anasema moyo wake mwenyewe unalia kama filimbi kwa ajili ya Moabu. Anamtangazia kuanguka, na hapohapo anamwombolezea.

"Rudia," Baba akasema. Nikarudia. Nikadhani nimekosea kusoma.

Nilihitaji miaka mingi kuelewa kwamba sikuwa nimekosea. Tulikuwa tumesoma vipande, na vipande tulivyoviruka ndivyo vilivyokuwa na machozi. Siku hizi kazi yangu ni uandishi wa habari, na ninakaa na watu wengi wanaojua kwa hakika nchi ipi itaporomoka na watu gani wamejitakia wenyewe. Wengine wana maandiko, wengine wana takwimu. Huwa nawasikiliza hadi mwisho, kwa adabu, naandika wanayosema. Kisha nawauliza swali moja, na wengi hudhani natania: huko wakifiwa, utakwenda?