Moto Chini ya Goti

Niliteleza kwenye barafu nje ya kituo cha treni cha Jakobsberg, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mfupa ukavunjika chini kidogo ya goti. Mfupa uliunga vyema. Kilichogoma ni mshipa wa fahamu unaopita kando yake. Plasta ilipotolewa, wayo wangu ulining'inia. Niliuamuru uinuke, haukuinuka. Serikali yetu ilikuwa imenituma Stockholm kusomea upimaji wa ardhi, na mpima ardhi asiyeweza kupanda kilima hana kazi. Hilo nililijua bila kuambiwa na mtu.

Daktari, mtu mpole mwenye maneno machache, alinieleza kwamba mshipa hujirudi taratibu mno, na pengine haujirudi kabisa. Tungoje. Ikiwa majira ya baridi yangeisha na miti kuchipua majani bila ya mabadiliko, angekikaza kifundo cha mguu kwa upasuaji, kisining'inie wala kisikunjike tena maishani.

Siku za Jumapili wenzangu walikuja kunijulia hali katika chumba changu cha kupanga. Mmoja wao, mwanagenzi katika kiwanda cha malori kule Södertälje, hakukosa hadithi.

"Mguu ukianza kuungua kwa ndani, kaka, ujue unaoza. Binamu wa jirani yetu wa kule Moshi alianza hivyohivyo. Wakaukata."

"Wewe ulimwona huyo binamu?"

"Sikumwona, lakini habari zilienea wilaya nzima."

"Kuenea si ushahidi," nilimjibu kwa ukali.

Alikwenda zake, habari yake ikabaki chumbani. Kwani haukupita muda mguu ukaanza kuungua: ndimi za moto zikishuka kutoka gotini, zikizimika, zikirudi pale shuka lilipougusa tu. Nilimdharau msimulizi, na bado kila asubuhi niliinama kuunusa mguu wangu kama mtu anusaye nyama ya jana.

Kliniki, daktari aliniuliza hali. Nilimjibu kama nilivyolelewa: njema, nashukuru. Kwetu mtu hutanguliza njema hata kama ametoka kuzika. Baya lake hulitoa baadaye, mwenzake akishauliza tena. Nikangoja swali la pili. Daktari akaitikia kwa kichwa, akaandika, akamwita mgonjwa mwingine. Ilikuwa hivyo kila nilipokwenda. Nami, kwa jinsi nilivyoliogopa jibu lake, nilitoka nikiwa nimefarijika nusu. Hatimaye akasema kwamba, kwa kuwa hakuna dalili yoyote ya mshipa kujirudi, upasuaji usicheleweshwe.

Jumapili iliyofuata alikuja mke wa mwanafunzi mwenzangu, mwanamke wa Tanga asiyemwonea mtu haya. Kanga aliyokuwa akiikunja iligusa mguu wangu.

"Shemeji! Mbona umeruka kama uliyekanyaga kaa la moto?"

"Si kitu."

"Si kitu, na jasho hilo? Daktari umemwambia?"

"Yeye huniuliza hali, nami humjibu."

"Wamjibuje?"

"Kwamba sijambo."

Aliangua kicheko. "Loo! Daktari umemfanya mkweo? Wangoja akuulize za watoto na za mifugo ndipo umtolee la moyoni? Hawa huuliza mara moja tu, baba. Watakikaza hicho kifundo huku wewe unashukuru!"

"Na akisema unaoza?"

Sikuwa nimekusudia kuyatamka. Kicheko chake kilikatika.

"Basi aseme yeye aliyesomea," alisema. "Asiseme yule wa malori."

Nilikwenda. Nilimweleza daktari yote kabla hajaniuliza, bila salamu, na nikaona haya kama niliyevua nguo sokoni. Aliweka kalamu. Aligonga kwa kidole chini ya goti. Cheche ikateremka hadi juu ya wayo, nikapiga ukelele. Akagonga chini zaidi. Cheche ikateremka tena. Aliichukua tena kalamu, akaandika, nami nikadhani anatafuta lugha ya kuniambia kwamba mguu utakatwa.

"Unakua," alisema. "Mshipa unaokua huunguza. Upasuaji tuuache kwanza."

"Nitatembea?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba unakua."

Nilimheshimu kwa neno lile sijui, ingawa halikunipa usingizi. Tangu hapo hofu iligeuka upande: niliziogopa saa ambazo mguu haukuungua. Nilijigonga kwa kidole nikiitafuta cheche, na ikichelewa, nilijigonga tena.

Majani yalikwisha kuchipua nilipokiona kidole gumba cha mguu kikiinuka, kidogo mno, kama karatasi iliyopulizwa. Yule wa Södertälje alikuwepo, akisimulia habari za mtu mwingine. Niliufunika mguu kwa blanketi. Sikutaka habari za kidole changu zifike popote kabla daktari hajakiona kwa macho yake. Na chini ya blanketi lile, sikuthubutu kukiamuru kidole kiinuke tena.