Siku Mkoloni alipomkuta Yesu ndani ya hori, Kyimo enzi za Ujamaa

Wakuu wa humu ndani, hamjambo. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea, hata wale ambao hamjazitoa.

Mimi ni mzee wa Kyimo, Rungwe. Shule niliishia darasa la sita. Ada ilikuwepo, kichwa ndicho kiligoma. Kwa hiyo mkikuta nimekosea kuandika msinirekebishe, mtajichosha bure.

Ninachowasimulia nilikiona kwa macho haya mawili. Moja siku hizi lina mtoto wa jicho, lakini siku hiyo yote yalikuwa mazima.

Juzi wajukuu zangu walikuwa wanabishana Krismasi maana yake nini. Mmoja akasema ni siku ya pilau. Mwingine akasema ni bethidei ya Yesu, ila keki wanakula wengine. Wa tatu, mdogo kabisa, akasema ni siku ambayo babu ananunua soda halafu ananuna.

Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikakumbuka hii stori.

Miaka ya sabini mwanzoni. Wenzetu sehemu nyingine walikuwa wanabebwa na malori kupelekwa vijiji vya ujamaa. Sisi Rungwe watu tulikuwa tumebanana tayari, migomba yangu inagusa migomba yako. Kwa hiyo kijiji kilitufuata tulipo. Wakaja, wakapima kwa macho, wakasema ninyi sasa ni kijiji. Tukapiga makofi, tukarudi kulima.

Nilikuwa kijana, nimeoa. Mke wangu anaitwa Bupe, binti wa Nkunga. Alikuwa amezaa mara mbili na wote wawili walikuwa wamefariki wakiwa wachanga. Wa tatu ndiye huyu Lusajo, wakati huo hajaota hata jino moja. Bupe alikuwa haachi hata inzi amguse huyo mtoto.

Mama yangu alishafariki. Baba alikuwa anaishi nyumba ya chini kidogo ya kwangu, ile nyumba ndefu ya mianzi ya kizamani. Upande mmoja kitanda chake, upande mwingine ng'ombe. Ndivyo wazee wetu walivyolala, ng'ombe ndani, moto katikati. Miguu yake ilikuwa imevimba, alikuwa hainuki bila kushikwa.

Sasa hapa vijana mnisikilize, maana bila hii hamtaelewa.

Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Mwanamke hamtazami baba wa mumewe, hataji jina lake, haingii nyumba aliyomo. Akimwona anakuja njiani, anajitupa migombani mpaka apite. Na ukivunja mwiko, watu walikuwa wanasema anayeumia si wewe. Anaumia mtoto.

Wale watoto wetu wawili walipofariki, shangazi zangu walinong'ona kwamba labda Bupe alimwona baba mahali. Bupe alilisikia hilo. Tangu siku hiyo alikuwa akienda mtoni anazunguka njia ya mbali.

Kazi yake moja kwa baba ilikuwa kukata majani ya ng'ombe. Kila asubuhi anafika na mzigo kichwani, anautua nje ya mlango, anakohoa kidogo, anaondoka. Miaka yote hiyo hajaingia.

Na ng'ombe mwenyewe alikuwa anaitwa Mkoloni.

Jina alipewa na baba. Alikuwa anapiga teke kila mtu bila kuuliza kabila. Mimi aliwahi kunirusha nikaangukia kwenye moto, suruali yangu nzuri ikabaki kaptura. Wakati huo alikuwa na ndama mchanga, basi ndiyo ukali ulizidi. Aliyekuwa anamtuliza ni baba peke yake, kwa kuongea naye kutoka kitandani kama mnavyoongea na mabosi wenu.

Siku ya kuamkia Krismasi, wanaume tulikuwa tunachinja dume la kijiji karibu na barabara. Kuchinja alichinja Mzee Saidi, mfanyabiashara Mwislamu wa pale kwetu, ili nyama iliwe na kila mtu, asibaki jirani anakula ugali na harufu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika miguu na kutoa matumbo. Nilikuwa nimejaa damu mpaka kwenye nyusi.

Bupe alikuwa kwenye foleni ya sukari duka la kijiji. Mtoto alimwachia mdogo wake, Tumpe, binti wa miaka kama tisa hivi, aliyekuja kutusaidia kulea.

Tumpe sasa. Huyo mtoto mwalimu wa kanisani alikuwa amemtoa kwenye igizo la Krismasi kwa sababu alicheka Yusufu alipojamba. Akaapa atafanya igizo lake.

Akakusanya wenzake. Yusufu alikuwa Gwakisa, mtoto wa jirani, ndevu za magome makavu ya mgomba. Malaika alikuwa Zuhura, mjukuu wa Mzee Saidi. Kwa nini Zuhura? Kwa sababu nguo nyeupe kweli kweli kijiji kizima ilikuwa moja tu, kanzu ya babu yake.

Yesu wao mwanzoni alikuwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Gwakisa akakataa, akasema yeye hawezi kuwa baba wa gunzi.

Basi Tumpe akambeba Lusajo mgongoni, wakashuka kwa baba. Kwao halikuwa jambo la ajabu. Kanisani wameambiwa Yesu alilazwa kwenye hori la ng'ombe. Hori wanalijua, lipo kwa babu, gogo refu lililochongwa. Ng'ombe walikuwa nje malishoni. Baba amelala usingizi mzito. Wakatandika majani mabichi, Tumpe na Gwakisa wakasaidiana kumnyanyua mtoto, wakamlaza. Wakaanza kuimba.

Ndipo mvua ikashuka.

Mnaoijua mvua ya Rungwe, haipigi hodi. Na ng'ombe wa kwetu mvua ikianza hawasubiri mtu, wanarudi mbio wenyewe, kila mmoja anajua mahali pake. Mkoloni ndiye alitangulia mlangoni.

Mimi nikiwa kule kwenye nyama, namwona Zuhura anakuja, kanzu ameishika kwa mikono miwili, tope mpaka shingoni.

"Babu! Babu! Mkoloni anamla Yesu!"

Wakuu, watu walicheka. Mwenyekiti wa kijiji alikaa chini kabisa. Akasema, "Huyu mtoto siasa amefundishwa na nani?" Mimi ndiye nilicheka kuliko wote, mnanijua.

Mzee Saidi peke yake hakucheka. Akamshika bega. "Yesu gani, mama?"

"Yesu wetu. Lusajo."

Sikumbuki kuacha kisu. Nakumbuka naanguka tope, nainuka, naanguka tena, na nyuma yangu wanaume wote wanakimbia. Hakuna aliyecheka tena.

Nikafika mlangoni. Gwakisa nilimkuta juu ya mpapai nje, ndevu zimebaki upande mmoja. Yusufu ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia.

Nikachungulia. Ndani giza na moshi. Mkoloni amesimama, mgongo kwangu, kichwa ndani ya hori. Anakula.

Anakula yale majani aliyolalia mwanangu.

Pembeni ya hori, kati ya ng'ombe na ukuta, Tumpe amechuchumaa, khanga kichwani, ameshika mguu wa mtoto. Hori lilikuwa la kina, kumtoa peke yake hawezi. Na kila akijaribu kusimama, pembe inageuka.

"Tumpe," nikanong'ona. "Toka."

"Siwezi, shemeji. Maria hamwachi Yesu."

Nikaweka mguu ndani. Mkoloni akainua kichwa, akavuta hewa, akaanza kuunguruma na kupara ardhi kwa kwato. Pembe ikagonga hori, ukasikia gogo linalia.

Mzee Saidi akanivuta nje kwa ukosi. "Damu! Unanuka damu, wewe! Sote tunanuka damu! Ukiingia atachanganyikiwa!"

Mnaofuga mnajua. Ng'ombe akisikia harufu ya damu ya mwenzake anakuwa kichaa. Na wanaume wote tuliokuwa pale tulikuwa tumetoka kuchinja. Wanaume wazima, na hakuna hata mmoja anayefaa. Nikasimama kwenye mvua najisugua mikono kwa tope kama mwehu.

Lusajo akaanza kulia.

Kelele zile ndizo zilimwamsha baba. Nikasikia sauti yake kutoka kitandani, upande wa pili wa moto. Hakupiga kelele. Akaanza kuongea na Mkoloni polepole, kwa Kinyakyusa, kama anambembeleza mtu aliyefiwa. Ng'ombe akatulia kidogo, sikio moja likageuka kwake. Lakini kichwa hakukitoa.

"Tata," nikamwita, "mwite aje kwako!"

"Hawezi kuliacha jani likiwa bichi. Nitamgeuza kichwa tu. Atafutwe mtu asiye na damu, ambaye ng'ombe anamjua harufu. Amtoe mtoto nikimgeuza."

Tukatazamana. Mtu huyo alikuwa mmoja.

Na ndiye huyo habari imemfikia dukani, anakuja mbio kati ya migomba, sukari imemwagika njia nzima. Bupe.

Alifika mlangoni akasimama kama amegonga ukuta. Akamwona mtoto. Akasikia sauti ya mkwe wake ndani. Akaniangalia mimi. Wakuu, hayo macho mpaka leo nayaona. Asipoingia, mtoto ataumia. Akiingia, kwa jinsi alivyoamini, mtoto ataumia vilevile. Alikuwa ameshazika wawili.

Mimi, bingwa wa maneno, nikaendelea kujisugua tope.

Shangazi yangu mmoja alikuwa ameshafika. Akasema, "Haingii. Hilo halijawahi kutokea."

Mvua ikazidi.

Halafu baba akauliza kutoka ndani, "Aliyefika mlangoni ni mama yake?"

"Ndiyo, tata."

"Mwambie nimejifunika blanketi. Kichwa na miguu. Simwoni, naye hanioni. Humu ndani hakuna mzee, kuna blanketi na ng'ombe. Aingie amchukue mtoto."

Nikachungulia. Kweli. Mzee mzima amejivingirisha blanketi gubigubi kama maiti, na chini ya blanketi sauti inaendelea kumbembeleza ng'ombe.

Bupe akavua ndala. Akaingia.

Alitembea ameinama, uso ameugeuzia ukutani. Akakohoa kile kikohozi chake cha kila asubuhi. Mkoloni akatikisa sikio. Anamjua, huyu ni yule wa majani.

Blanketi likapaza sauti kidogo, likamwita ng'ombe. Mara ya kwanza hakugeuka. Mara ya pili akapuliza pumzi, pua iko juu ya tumbo la mtoto. Mara ya tatu akainua kichwa, akageukia moto.

Mkono wa Bupe ukaingia ndani ya hori.

Nilifumba macho. Sioni haya kusema.

Nilipofumbua, Bupe alikuwa nje, amekaa kwenye matope, Lusajo kifuani, ameloa mate ya ng'ombe kuanzia utosini. Alikuwa amelambwa, hana mkwaruzo hata mmoja. Tumpe akatoka nyuma yake, akasema, "Igizo limeisha."

Hapo ndipo watu walilia. Mzee Saidi aliichukua kanzu yake, akalitazama lile tope, akasema, "Imefanya kazi ambayo sikuituma. Alhamdulillahi."

Bupe hakulia. Aligeukia ukuta wa mianzi, akapiga magoti nje kwenye mvua, akasema, "Ndaga, tata." Asante, baba.

Blanketi likajibu, "Ndaga, mwanangu. Mfunike, asipate baridi."

Ndiyo maneno pekee waliyowahi kusemezana.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Bupe hakuwahi kuuona uso wake. Lusajo mnayemsikia ana kitambi siku hizi, na maziwa hataki kuyaona. Tumpe ni bibi wa watu, bado anasema Maria wake ndiye alikuwa bora kuliko wa kanisani. Gwakisa tukikutana namwambia "Yusufu, shuka kwenye mpapai," anakasirika kila mara.

Sasa funzo. Zamani nikiona ile picha ya kadi, mtoto kwenye hori, ng'ombe wanatabasamu, nilikuwa naona ni pazuri tu. Tangu siku ile naona pembe. Naona mama aliyelaza mtoto mahali ambapo mama yeyote angepiga yowe. Mungu alikubali mwanawe akae hapo, karibu na kwato, kwa sababu yetu. Si jambo la kadi.

Na naona yule mzee. Alikuwa na mwiko aliourithi kwa baba yake na babu yake. Hakuukanyaga, hakumdharau mtu. Alijifunika tu, ili mtoto apone.

Niliwasimulia wajukuu yote haya. Yule mdogo wa soda akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo babu, Krismasi ni blanketi?"

Bibi yake, Bupe, alikuwa anachambua mchele pale. Miaka yote hii hilo jambo huwa haliongelei. Akasema bila kuinua kichwa, "Ndiyo, mwanangu. Ni blanketi."

Haya wakuu, uwanja wenu. Kwenu mila ya wakwe ikoje, na nani aliwahi kuipinda kwa ajili ya mtoto? Mwageni hapa chini, wazee tupo macho. Na mwenye dawa ya mtoto wa jicho naye asipite kimya.